Mshenga wa Kutenganisha

Mume wa mwoka mikate hakuwahi kuweka funguo mbili kwenye pete moja. Wa nyumba ulikaa mfuko wa kulia wa suruali, wa ofisini mfuko wa kushoto, wa kabati mfuko wa shati, na wa geti aliutunga kwenye uzi akauvaa shingoni kama mtoto wa chekechea. Akifika mlangoni alijipapasa mwili mzima utadhani ameingiliwa na siafu, na mkewe, amesimama nyuma yake na mfuko wa unga begani, alitazama juu kuomba subira.

"Baba watoto, si ununue pete moja uzifunge pamoja?"

"Nikiipoteza hiyo pete?"

"Utakuwa umepoteza pete."

"Nitakuwa nimepoteza nyumba, ofisi, kabati na geti kwa mpigo. Hivi nilivyo, nikipoteza napoteza kipande."

"Na mvua ikinyesha mimi nalowa nzima nzima, silowi kipande."

Alicheka, akaendelea kujipapasa. Tabia hiyo alizeeka nayo.

Neno lile la kipande alilitoa kazini. Alikuwa mtunza mitambo kwenye hifadhi ya magazeti ya zamani, jengo la ghorofa moja lenye kuta za rangi ya maziwa yaliyoganda na ngazi ya mbao iliyolalamika kila ilipokanyagwa. Magazeti yenyewe yalishaliwa na mchwa na unyevu. Lakini kabla hayajaisha, kila ukurasa ulipigwa picha, maandishi yake yakaingizwa kwenye kompyuta, na kwa miaka mingi wahudumu walikaa wakiyasahihisha neno kwa neno, maana mashine ikisoma karatasi iliyofifia hujionea mambo yake. Ndipo watu wakaanza kuja. Alikuja wakili aliyetafuta tangazo la kiwanja, alikuja mwanafunzi aliyechelewa kumaliza chuo, na alikuja bibi mmoja kila baada ya muda kutazama tangazo la kifo cha kaka yake, kwa sababu picha iliyokuwa pale ndiyo pekee kaka huyo aliyowahi kupigwa. Unaandika jina, unabonyeza, ukurasa unakuja.

Mwoka mikate alielezwa kazi hiyo wakiwa bado wachumba, ndani ya duka lake la mikate, mezani penye unga. Mchumba alichukua mkate mzima, akaukata vipande, akaanza kuvigawa kwenye sinia zilizokuwa zimepangwa ukutani.

"Kurasa ni nyingi, seva moja, yaani kompyuta moja ya kuhifadhia, ikizibeba zote itatweta. Kwa hiyo tunazikata hivi. Kipande hiki seva hii, kipande hiki seva ile. Mtu akiuliza kitu, kila seva inatafuta kwenye kipande chake, majibu yanakusanywa, yeye anaona jibu moja tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na mkate wangu umeshakatwa."

"Subiri. Seva ikifa, kipande chake kimekwenda. Kwa hiyo kila kipande kina nakala, na nakala inakaa seva nyingine." Akachukua mkate wa pili.

"Na huo pia?"

"Sasa hapa ndipo penye kazi yangu. Programu inajipangia yenyewe nini kikae wapi. Lakini programu haijui kwamba sinia hii na hii ziko karibu na dirisha linalovuja. Anayejua ni mtu. Mimi ndiye ninayeiandikia masharti. Kipande hiki kisikae pale. Seva ile usiipe kitu, inaumwa. Na sharti kubwa kuliko yote: asili na nakala yake visilale chumba kimoja."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Binti wa watu akamtazama yule kijana mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akaona ni mtu makini, mtu wa kutegemewa. Hilo lilikuwa kweli. Ila hakufikiria kwamba umakini nao unaweza kuhamia nyumbani na masanduku yake.

Wenzake ofisini walimwita Mshenga. Mshenga anayejulikana huhangaika watu wawili wakae pamoja. Huyu alihangaika wasikae. Siku ya tafrija ya mwisho wa mwaka kijana mmoja wa mapokezi alimuuliza mkewe, "Shemeji, unaishije na Mshenga wetu?"

"Kwa zamu," alijibu, na meza nzima ikavunjika mbavu. Walidhani anatania.

Duka la mkewe halikumpa usingizi hata siku moja. Lilikuwa na tanuri moja, kubwa, la matofali, na kila alfajiri unga wote wa siku uliingia humo.

"Tanuri moja! Likipasuka je?"

"Nitaziba."

"Likizima na mikate yote imo ndani? Mama watoto, wewe unalalaje?"

"Kama mtu aliyekanda unga tangu alfajiri. Nalala fofofo."

Tanuri halikupasuka wala kuzima. Kila jioni mume alilitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayemtazama mkwe asiyemwamini lakini hana la kumshitaki.

Kuhusu safari, hata hivyo, hakuna aliyemtania. Wazazi wake wote wawili walikufa siku moja, ndani ya gari moja, wakirudi mazikoni, yeye akiwa darasa la chini kabisa la shule ya msingi. Alilelewa na shangazi aliyempenda sana na aliyekuwa akisahau siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo binti yao wa kwanza alipozaliwa, alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akasema jambo aliloonekana kulifikiria kwa muda mrefu.

"Mpaka huyu na watakaomfuata wasimame kwa miguu yao, mimi na wewe tusipande chombo kimoja."

Mkewe, amechoka, mtoto kifuani, alikubali bila kubishana. Ilikuwa na maana. Alimjua shangazi, alijua zile siku za kuzaliwa zilizosahauliwa.

"Kwa muda tu," mume aliongeza.

Hakuna aliyeuliza muda huo utaisha lini.

Basi ikawa hivyo. Mke alipanda basi la kwanza na watoto, mume akafuata na la pili. Watoto walipokua wakaacha kusafiri nao, mke akaendelea kupanda la kwanza peke yake na mume akaendelea kufuata. Kila walikokwenda, mke alishuka na mzigo wake, akapokewa na watu walewale na swali lilelile.

"Na shemeji?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Msibani kwa dada yake alisema yuko nyuma, anakuja. Mahafali ya kijana wao, yuko nyuma, anakuja. Siku ya harusi ya binti basi la pili liliharibika njiani, na mama ndiye aliyemshika bibi harusi mkono kuingia naye ukumbini, huku wageni wakinong'ona kwamba labda wameachana. Baba alifika mpiga picha akiwa ameshaanza kukunja miguu ya kamera. Kwenye picha ya familia yuko pembeni kabisa, anatweta, tai imehamia chini ya sikio. Mwoka mikate aliitundika picha hiyo sebuleni, na kila alipoipangusa vumbi aliona jambo moja tu alilolitaka maishani na asilolipata. Halikuwa kubwa. Alitaka siku moja ashuke kwenye gari, mumewe awe nyuma yake amembebea kikapu, wafike, na asiwepo mtu wa kuuliza. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na bado hajafika mahali popote na mume wake.

Ukuta wa kule hifadhini ulivunjwa wakiwa kwenye harusi hiyo.

Hifadhi ilikuwa na vyumba viwili vya seva vilivyopakana, cha mbele na cha nyuma. Mkurugenzi mpya alipenda wageni, na wageni wanapenda kuona mitambo inayowakawaka taa. Pia aliambiwa kwamba chumba kimoja kikubwa kitapozwa kwa kiyoyozi kimoja badala ya viwili. Mafundi wakaja, ukuta ukaanguka, pakawekwa mlango wa kioo. Mshenga aliporudi kutoka likizo alisimama mlangoni, funguo zikiwa kila mfuko, akatazama.

"Pamekuwa peupe," alisema. Akaenda kukaa mezani kwake.

Kwenye skrini yake kila seva ilikuwa na lebo aliyoiandika yeye mwenyewe: hii iko chumba cha mbele, hii iko chumba cha nyuma. Kwa lebo hizo programu ilijua wapi pa kupeleka nakala. Akatazama: kila kipande kilikuwa mbele, nakala yake nyuma, kila kitu kijani. Sharti lake kuu lilikuwa linatimizwa kwa ukamilifu usio na doa. Kwamba mbele na nyuma sasa vilikuwa chumba kimoja, skrini haikuwa na macho ya kuliona, na yeye aliyekuwa na macho alikuwa akitazama skrini.

Wala hakuwa peke yake. Hifadhi nzima iliendelea kusema "chumba cha mbele" na "chumba cha nyuma" kana kwamba ukuta umesafiri tu. Mshenga akipigiwa simu alijibu, "Niko chumba cha nyuma," akiwa amesimama mahali ambapo angeweza kunyoosha mkono akachukua kitu cha chumba cha mbele.

Kilichokuwa kinamnyima raha siku zile kilikuwa kingine. Kwa miaka mingi utafutaji ulikuwa na tabia ya kusuasua. Swali moja linajibiwa papo hapo, linalofuata linakaa mpaka mtu anapiga miayo.

"Mshenga, mbona mtambo wako una pumu?" mkurugenzi alimuuliza mbele za watu, kila kikao.

"Nafuatilia, bosi."

Alifuatilia kweli. Alibadilisha nyaya. Alisafisha feni. Aliulaumu umeme, halafu akaulaumu mtandao, halafu akawalaumu watumiaji kwa kuuliza maswali marefu. Tatizo hilo alikuja nalo mpaka dukani kwa mkewe, akawa anakaa kwenye gunia la unga akiwaza, na wateja wakimruka.

"Mama Mikate, huyu mzee anauzwa?" mteja mmoja aliuliza.

"Chukua bure. Ila mtapanda magari mawili."

Kisha tangi la maji lililokuwa juu ya dari likapasuka. Ilikuwa Jumapili mchana, jengo likiwa tupu, na maji yakapata nafasi ya kutosha. Yalishuka katikati ya kile chumba kikubwa, pale pale ulipokuwa ukuta, yakagawanyika kwa haki, nusu mbele, nusu nyuma.

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi walisimama kwenye mlango wa kioo wakiwa wamekunja suruali. Seva zilikuwa kimya. Mkurugenzi alikuwa na viatu mkononi.

"Asili ziko wapi?" aliuliza.

"Chumba cha mbele, bosi."

"Zimekufa. Na nakala?"

"Nakala ziko salama, ziko chumba cha nyuma. Vyumba viwili haviwezi kulowa..." Hapo Mshenga akarudi hatua moja kuegemea ukuta, kama alivyokuwa akifanya kila alipotaka kueleza jambo refu, na ukuta haukuwepo. Nusura aanguke chali kwenye maji. Kijana wa mapokezi alimdaka kwa kwapa.

Alibaki amening'inia mikononi mwa kijana huyo, akitazama juu, halafu kushoto, halafu kulia. Uso ukamsawijika.

"Ni chumba kimoja," alisema, polepole.

"Ni chumba kimoja tangu harusi ya binti yako," mkurugenzi alisema.

Palikuwa na hifadhi ya akiba iliyopaswa kujengwa nje ya jengo. Iliahidiwa kila mwaka, kwa mwaka unaofuata. Hapakuwa na kingine. Yule bibi wa tangazo la kifo alikuja siku hiyohiyo, akaandika jina la kaka yake kwenye kompyuta ya wasomaji, akabonyeza, akasubiri na mkoba magotini. Mshenga alikuwa amesimama nyuma yake, hana pa kuweka mikono. Alijua hakuna kitakachokuja. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia.

Ukurasa ukaja. Ulichukua muda, ukaja kwa kutweta, lakini ukaja, na kaka yuko pale na kofia yake.

"Leo imechelewa kidogo," bibi alisema.

Mshenga alikimbilia mezani kwake. Orodha ya seva ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini ya skrini. Akateremsha ukurasa. Chini kabisa, chini ya ukingo ambao macho yake hayakufika kwa miaka, palikuwa na seva moja ya kijani. Lebo yake haikusema mbele wala nyuma. Ilisema: ya muda.

Ilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya mafagio na ndoo, imefunikwa kitambaa cha mfagiaji kilichoanikwa juu yake kwa sababu ilikuwa na joto zuri la kukaushia. Seva ya zamani ya kustaafu. Zamani, wakati wa kuhamia mitambo mipya, Mshenga aliandika sharti kwamba kila kipande kiwe na nakala ya tatu kwenye mashine ya ngazini, kwa wiki moja tu, mpaka mitambo mipya izoeleke. Mitambo ikazoeleka. Sharti hakulifuta. Tangu siku hiyo kila ukurasa uliosahihishwa, kila tangazo, kila kaka wa mtu, alipelekwa chini ya ngazi kimyakimya. Na kila swali lililoangukia mashine hiyo lilijibiwa kwa pumu. Kile alichokitafuta kwa miaka na kukilaumia umeme kilikuwa sharti lake mwenyewe.

Vitu vyote vilikuwa pamoja, kwenye mashine moja kuukuu, kando ya ndoo. Alitenganisha kwa uangalifu wote, vikafa. Alisahau vikiwa pamoja, vikapona.

Wakamfanyia hafla. Mkurugenzi alisimama, akamvika kilemba cha ukoka mbele ya wageni. Alizungumza juu ya kuona mbali, juu ya mtumishi ambaye, wengine wakilala, aliweka kisiri nakala ya tatu mahali ambapo maji yasingefika. Mshenga alipewa nafasi ya kusema neno.

"Ahsanteni. Kusema ukweli, ile nakala mimi nilisa..."

"Na mnyenyekevu pia!" mkurugenzi alidakia, na makofi yakamzima.

Jioni aliingia dukani kwa mkewe na cheti chenye fremu, akakiweka mezani kifudifudi juu ya unga.

"Nini hiki?"

"Wamenipa cheti, mama watoto. Kwa kusahau."

Alimsimulia yote, ukuta na bibi na kitambaa cha mfagiaji. Mkewe alianza kucheka katikati, akajizuia, akashindwa, akashika meza. Naye mume akacheka, mpaka machozi yakachora njia mashavuni mwake. Kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kukoma, na mkewe akajifanya hakuona, akawa anapanga sinia zilizokwisha pangwa.

"Kwa hiyo vyote vilikuwa pamoja," alisema baadaye.

"Vyote. Na mafagio."

"Kama tanuri langu."

"Usianze."

Hakuanza. Aliliweka neno lile moyoni kama mtu anayeweka hamira, akasubiri.

Mumewe hakubadilika kama mtu angetarajia. Aliongeza ukali. Alifuta lebo zote akaziandika upya, na kila Ijumaa alizunguka jengo akigonga kuta kwa kidole kuhakikisha bado zipo. Akastaafu akiwa anagonga. Nyumbani aligonga pia. Mkewe alikuwa akimsikia kutoka jikoni, ko, ko, na kujiambia kwamba watu wengine waume zao wanakunywa pombe.

Kisha binti yao akajifungua, mjukuu wa kwanza, katika mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Mwoka mikate alifunga duka. Alikwenda kituoni mwenyewe kukata tiketi, akakata viti viwili vinavyopakana kwenye basi la kwanza, akarudi akaziweka mbele ya mumewe pamoja na chai.

Mume alizitazama. Alikunywa chai, akatoka, akarudi na tiketi yake moja ya basi la pili, akaitia mfuko wa shati, pamoja na ufunguo wa kabati.

Siku ya safari walisimama kituoni kati ya mabasi mawili yaliyokuwa yakinguruma. Kikapu cha mikate kilikuwa chini kati yao. Mume alikuwa amevaa shati jipya.

"Kiti kimoja kitakaa tupu," mke alisema.

"Weka kikapu."

"Baba watoto, nikuulize kitu. Unamlinda nani?"

"Watoto. Unajua hilo."

"Watoto gani? Huyu tunayekwenda kumwona ana mtoto wake. Mdogo wake ana ndevu, na mwaka jana ameota kitambi. Ulisema mpaka wasimame kwa miguu yao. Wamesimama, wamekimbia, wameanza kuchoka. Nani atabaki yatima, hicho kitambi?"

"Ni tahadhari tu."

"Si tahadhari. Ni ile mashine ya ngazini. Uliandika sharti kwa muda, mambo yakapita, ukasahau kulifuta. Na kila ninakokwenda nafika natweta peke yangu, nasema yuko nyuma, anakuja." Hakupanga kulia kituoni mbele ya wauza maji. "Kule walikupa cheti. Mimi nimepata nini?"

Mume akaanza kujipapasa, kulia, kushoto, shati, shingo, kama mtu anayetafuta ufunguo wa mlango asiouona.

Kondakta alipiga ubavu wa basi la kwanza. Mume akainua kikapu, akakifikisha kwenye ngazi ya basi, akamkabidhi mkewe bila kumtazama usoni. Kisha akageuka kuelekea basi la pili, na watu wakamfunika.

Mwoka mikate alikaa kiti cha upande wa njia. Kile cha dirishani alikiwekea kikapu. Hakutaka kutazama nje.

Jioni, basi lilipoingia kituo cha mwisho, binti alikuwa amesimama pale na mtoto mchanga ndani ya shuka. Aliona dirishani uso wa mama yake, na begani kwa mama aliona kichwa cha baba kimelala, mdomo wazi kidogo. Alipiga kelele kama mtoto. Alimwinua mchanga juu, akamwelekeza dirishani, akawa anaruka. Alikuwa hajawahi, tangu azaliwe, kuona wazazi wake wakifika pamoja. Mama alimpungia kwa mkono mmoja, polepole, ili asimtikise aliyelala. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza shemeji yuko wapi.

Mume hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa umechoka muda mrefu, alisema, na kama angekuwa basi lingine, au kitandani kwake, ingekuwa vilevile. Labda zile mbio za asubuhi ziliuongezea kazi, labda hapana. Basi halikupata hata pancha. La pili nalo lilifika salama, na kiti chake kitupu. Hospitali walimpa mkewe mfuko wenye vitu vyake: ufunguo wa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati, wa shingoni, na tiketi ya basi la pili ambayo hakuna kondakta aliyeichana. Alikaa nao kwenye benchi la ukumbini. Baadaye mwanawe mwenye ndevu alikuja, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, alisema nini mwishoni?"

Aliuliza kwa sauti ya kanisani, kama watoto wote wanavyouliza, akitaka neno la kutunza. Mama akafikiri ampe lipi. Njiani hakukuwa na maneno. Mzee alianza kusinzia kabla basi halijatoka getini, mkono wake ukiwa umeshika mshikio wa kikapu kilichokuwa magotini mwa mkewe, asije akakidondosha. Kwa hiyo lilikuwa lile la kabla, pale kondakta alipokuwa anafunga mlango, mtu akaugonga kwa kiganja, ukafunguliwa tena, na mume wake akaja kati ya viti akitweta, shati jipya limechomoka, funguo zikilia kila upande, abiria wote wamegeuka kumtazama. Alisimama juu yake. Alitazama kikapu kilichokaa kwenye kiti chake.

"Sogea, mama watoto," alisema. "Na usinicheke."